Siku Mama Alipovaa Shela

Nyumbani kwetu Kilosa nilijulikana kuwa mtoto wa miezi saba. Nilizaliwa njiti, mama alisema, nikaviringishwa kwenye pamba, nikalazwa karibu na jiko la mkaa, na bibi akawa ananidondoshea maji ya sukari mdomoni kwa ncha ya kidole. Hadithi hiyo ilinipa cheo. Wadogo zangu watano walipotumwa maji bombani, mimi niliachwa nikae. Kuku akichinjwa, paja moja lilikuwa langu bila mjadala, maana huyu, jamani, alizaliwa hajaiva. Nikakua nikawa mwanamke wa mifupa mipana, wa kujitwisha gunia la mkaa peke yangu, na bado mama akinitambulisha kwa wageni alisema huyu ndiye njiti wangu. Wageni walicheka. Nilidhani wanacheka umbo langu, nami nikacheka nao.

Nayasema haya mapema ili usije ukanishangaa huko mbele, mtu mzima, mfanyabiashara, mwenye mdomo wa kutosha watu watatu, kutojua jambo ambalo mji mzima ulikuwa unalijua.

Wazo la jubilei lilikuwa la mama. Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa na ikawa ruksa kila mtu kuuza alichonacho. Mitumba ilirundikwa chini sokoni, soda zikaacha kuwa kitu cha kutafutiwa kibali, na vijana wenye kamera za video wakawa wanakodiwa kwenye sherehe kama zamani ngoma. Watu waliooana siku nyingi wakaanza kurudia harusi zao. Mwalimu mmoja na mkewe, watu wa kanisa letu, walifanya jubilei yao ya miaka ishirini na mitano, na yule mke na mvi zake akaingia na shela jeupe, kwaya ikamwimbia mpaka akakaa. Mama alirudi kutoka kwenye sherehe ile akakaa jikoni na nguo zake za kutokea, hata viatu hakuvua. Nilikuwepo siku hiyo. Nikamuuliza kama keki imemkaa vibaya. Akasema, na sisi mwakani tunatimiza miaka ishirini na mitano.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, mtoto wa mtu wa reli, mjukuu wa mtu aliyeletwa huku na kazi za mkonge. Alikuwa amekwisha kupunguzwa kazini, analima mahindi yake na kusikiliza redio. Alipoambiwa habari ya jubilei alipunguza sauti ya redio, jambo asilolifanya kwa ajili ya kila mtu, akauliza wataoana vipi tena wakati hawajaachana. Mama hakucheka. Baba akamtazama kidogo, kisha akasema haya, mama watoto, kama ndivyo unavyotaka. Nilifikiri ni ule upole wake wa siku zote. Kumbe mwenzangu alijua kinachotafutwa.

Mimi wakati huo nilikuwa Mikumi, nina kibanda cha chakula pale malori yanapolala. Niliwapikia madereva wa njia ya Iringa wali, maharage na nyama, nikagombana na nyani waliokuwa wakivizia chapati, nikagombana na matingo wao waliotaka kuongezewa mchuzi kila dakika. Mdomo ninao, sikatai. Mtu akiniletea za kuleta namrudishia zake na za jirani yake. Ndiyo maana kamati ya jubilei ilipoundwa, mjomba, mdogo wake mama, akawa mwenyekiti, na mimi nikawa katibu. Mjomba aliwekwa kwa ajili ya heshima, mimi kwa ajili ya kelele.

Basi nikawa mtu wa huku na huku. Jumapili nilidandia chochote kinachoelekea Kilosa, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope, nikanawa, nikaingia kikaoni. Vikao vyenyewe vilifanyika uani kwetu baada ya ibada, na sitakuficha, nilivipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Tuligombania rangi ya sare mpaka shangazi mmoja akaondoka na kiti chake. Tuligombania keki, iwe ya ghorofa au ya kawaida. Mchele haukugombaniwa: mama alisema utatoka Tindiga au wageni wale ugali, kwa sababu mchele wa kwingine kwake ulikuwa hauna harufu. Mpiga video tulimtafuta Morogoro, kijana wa maringo ambaye aliuliza kama huko Kilosa umeme upo.

Na katikati ya mipango yote hiyo nilijipangia na mimi nafasi yangu. Niliandika ratiba kwa mkono wangu: bibi harusi anaingia kwa mlango mkubwa, nyuma yake mtoto wa kwanza ameshika mkia wa shela, kisha wadogo wanafuata kwa umri. Mbele ya madhabahu watoto wote sita wanawazunguka wazazi, mchungaji anawaombea. Nilishona gauni la rangi ya zambarau. Nilinunua viatu virefu, mimi mtu wa kandambili, nikawa najifunza kuvitembelea kibandani wateja wakipungua. Madereva walinitania kwamba mama lishe amepata mchumba. Niliwaambia anayeolewa ni mama yangu, na wao wale waondoke.

Shela tulilikodi Morogoro kwa mama mmoja mwenye saluni. Nilimpeleka mama mwenyewe akalijaribu. Nilitegemea tutacheka siku hiyo, maana mama ni mtu wa vituko, akivaa hata koti la mvua la baba anacheza nalo. Yule mama wa saluni alimfunga vifungo vya mgongoni, akamgeuza kwenye kioo, akamshushia kile kitambaa cha usoni. Mama hakucheza. Nikasema, mama, baba akikuona hivyo atakimbia. Akaniambia nimwache kidogo. Akasimama pale na uso wake umefunikwa, mikono ameiweka tumboni, na mimi nikakaa kwenye kiti cha saluni nikitazama pembeni bila kujua nimekosea nini.

Ratiba ilikuwa lazima ipitie kwa wazee wa kanisa kabla ya kuchapwa. Tukaenda mjomba na mimi, Jumamosi mchana, mimi nimejifunga kitenge kipya. Mchungaji alikuwa kijana, ametoka chuoni karibuni, anaamkia kila mtu shikamoo hata sisi wa rika lake. Wazee walikuwa wanne, na mmoja wao, mkubwa kuliko wote, ndiye aliyekuwa anashika utaratibu wa kanisa tangu mimi sijazaliwa. Tuliwaamkia, wakaitika. Mzee akavaa miwani, akaisoma ratiba yangu taratibu, kidole kikifuata mstari. Akafika mahali akasimama.

Akauliza shela ni la nini. Mimi na mdomo wangu nikajibu ni la kuvaa, mzee. Mjomba akanikanyaga mguu. Mzee hakukasirika hata kidogo. Alimgeukia mchungaji, akaanza kumweleza, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mgeni, kwamba ndoa hii yeye anaikumbuka vizuri. Harusi ilikuwa imepangwa Jumamosi, kwaya imejiandaa, shela limeshonwa. Siku chache kabla yake akina mama wa kanisa wakaenda kumkagua bibi harusi, kama ilivyokuwa desturi, wakamkuta na mimba changa. Ikabidi utaratibu ufuatwe. Wakatubu mbele ya watu, wakarudishwa kundini, wakafungishwa ndoa siku ya kazi, kwa mlango wa pembeni, bila kwaya na bila shela. Akaweka miwani mezani.

"Na mimba yenyewe," akasema, "ndiyo hii imetuletea ratiba."

Sikuelewa mara moja. Kweli kabisa, niligeuka nyuma kutazama nani mwingine ameingia. Kisha nikaona mchungaji anatazama viatu vyake, mjomba anatazama dirisha, wale wazee wengine kila mmoja ana mahali pake pa kutazama, na hakuna anayenitazama mimi. Ndipo pamba, jiko la mkaa, maji ya sukari na vicheko vya wageni vikaniingia kichwani kwa pamoja. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze na kitenge changu kipya. Aibu yenyewe ilikuwa ya ajabu, kwa sababu sikuwa nimefanya jambo, lakini niliisikia kana kwamba nimekamatwa mkono ukiwa kwenye sufuria ya watu.

Wakajadili. Nilikuwa nimekaa palepale, hakuna aliyeniambia nitoke. Mmoja alisema shela ni la waliokuja safi, na usafi haurudi kwa sababu miaka imepita. Mwingine alisema siku hizi mashela yanakodiwa na kila mtu, kanisa litagombana na wangapi. Mchungaji, nampa haki yake, alisema polepole kwamba yeye hajasoma mahali popote panapokataza. Mzee akawaza. Nafikiri alijiona ana huruma. Akasema sawa, mama avae, ni mwenzetu, ametumika kanisani miaka yote. Lakini basi yule wa kwanza asiwe kwenye msafara, wala asisimame madhabahuni na wenzake.

"Hatuwezi kulipitisha shela mbele," alisema, "na ushahidi unafuata nyuma umelishika mkia."

Mjomba akasema ahsanteni wazee wetu. Na mimi, niliyewahi kumfanya dereva wa lori la mafuta aombe radhi mbele ya wenzake, nikasema ahsanteni wazee. Nimeyasema maneno mengi ya kijinga maishani, lakini hayo ndiyo huwa yanarudi ninapochambua mchele au nikiwa nasubiri gari. Hakuna aliyenilazimisha. Nilishukuru.

Njiani mjomba alizungumzia bei ya mahindi. Tulipokaribia nyumbani akasimama, akasema hili jambo nimwachie yeye, ataongea na dada yake. Nikamuuliza alikuwa anajua siku zote? Akajikuna shingo, akasema wewe ulikuwa mtoto. Sikuingia ndani kuaga. Nilimwambia amwambie mama nimewahi usafiri, nikaenda kusimama barabarani peke yangu.

Nisikudanganye kwamba nilikuwa mtu mwema siku zilizofuata. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu: mama aseme kama ni hivyo, shela liachwe. Nilijiambia atasema. Nilijua atakavyosema, na mikono yake ikiwa kiunoni, kwamba yeye hawezi kusimama mbele ya Mungu na watoto pungufu kwa ajili ya kitambaa. Mimi tena ningembembeleza alivae. Hayo yote niliyatunga huku wali unaungua na wateja wananiuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nataka anichague, basi, na nilikuwa naona aibu ya kutaka, kwa umri wangu ule.

Alikuja mwenyewe Mikumi, katikati ya wiki, bila taarifa. Nilimwona anashushwa kwenye gari la magunia, ameshika mkoba wake wa kanisani. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kwenye benchi la wateja kama mteja. Nikampakulia. Akala taratibu, akasifia maharage, akauliza habari za nyani. Nilimjua mama yangu. Alikuwa anazunguka.

"Nilitaka kukuuliza," akasema mwishowe, "siku ile jikoni atasimamia nani? Mimi sina imani na mtu mwingine."

Hapo nikajua. Niliyokuwa nimeyapanga kuyasema yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa machafu. Nilitaka kumuuliza kwa nini alinifanya njiti. Nilitaka kumwambia amtafute mpishi wa kukodi kama alivyokodi shela. Nikajikuta nimeuliza kwa sauti ndogo tu kama ni kwa ajili ya shela.

Akaweka kijiko chini. Hakunitazama, alitazama malori, akanisimulia kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Shela lake la kwanza alilishona bibi, likatundikwa kwenye msumari chumbani, na yeye alikuwa analitazama kila akiamka. Wale akina mama walimvua nguo, wakamminya matiti, wakamtazama macho na shingo, wakatoka bila kuaga. Kesho yake ikaletwa amri. Alivaa gauni la kahawia la kwendea sokoni. Babu hakuja. Wakati anaapa, kuna mtu alikuwa anafagia katikati ya mabenchi, mchungaji wa wakati ule akamwambia asubiri, yule mtu akasema namalizia tu hapa, na akaendelea kufagia. Shela lilibaki kwenye msumari mpaka binamu yake alipoolewa nalo, na kwaya ikaimba zile nyimbo zilizokuwa zimeandaliwa kwa ajili yake.

"Nataka nipite mlango mkubwa," mama akasema. "Mara moja tu, mwanangu. Halafu basi."

Hakuniomba msamaha. Hakusema kwamba mimi ndiye mimba ile, wala kwamba amekubali niondolewe. Aliongea kana kwamba mimi ni rafiki yake wa zamani tu anayestahili kujua. Na mimi nilikuwa na hasira naye, nikamhurumia, nikaona aibu kwa ajili yake na yule mtu na ufagio wake, kisha nikajionea aibu mwenyewe, mtu ambaye sikufanya kosa lolote zaidi ya kuwemo. Ningefanya nini? Ningemwambia avue?

Nikamwambia jikoni nitasimamia mimi. Mama akashusha pumzi, akavuta sahani, akamaliza chakula chote na akaomba kuongezewa maharage. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, konda akawa anapiga kelele.

Kikao kilichofuata nilitangaza mwenyewe kwamba sitakuwa kwenye msafara, kwa sababu pilau ya watu wale wote siwezi kuiacha mikononi mwa mtu. Nilitegemea angalau mtu mmoja aulize kwa nini. Shangazi wa rangi ya sare alipiga makofi. Wakapiga wote. Ndipo nilipoona kwamba uani pale hapakuwa na mtu asiyejua, na kwamba walikuwa wananishukuru kwa kuwapunguzia kazi. Mdogo wangu wa kike ndiye peke yake aliyenifuata nyuma ya nyumba, akaniuliza dada vipi, mbona tulikubaliana. Nikamwambia hajui pilau inavyodai mtu. Nikampa gauni langu la zambarau. Lilimpwaya kidogo, likapunguzwa kwapani.

Siku yenyewe tulipikia ua wa nyuma wa kanisa, kwenye mafiga ya mawe, masufuria ya kuazima. Nilikuwa na akina mama watano wa kunisaidia, watu wazima wote, na nilikuwa nimewatuma na kuwakaripia tangu alfajiri ili nisipate nafasi ya kufikiri. Kanisa lilikuwa limefunga spika zile za honi juu ya mlango ili hata waliokosa nafasi wasikie. Kwa hiyo nilikuwemo kwenye ibada, usiseme sikuwemo. Nilisikia kwaya inaanza, nikasikia vigelegele vinapanda, nikajua mama amekanyaga mlango mkubwa. Mmoja wa wale akina mama alitaka kukimbia pembeni ya kanisa achungulie, akanitazama, akarudi kwenye vitunguu. Nikamwambia nenda. Hakwenda.

Nikasikia baba anaapa, sauti yake ya kuita stesheni. Nikasikia mama anaapa. Alitamka kila neno, hakuharakisha hata moja, na mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, machozi yananitoka, nikasingizia moshi. Nilifurahi, kweli. Kwa muda ule mdogo nilisema moyoni basi, imelipa, jikoni ni jikoni tu.

Kisha mchungaji akawaita watoto. Nikasikia viatu vyao vinapita. Yule kijana, na ninaamini hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mtindo wake wa kuchangamsha ibada, akawapongeza wazazi, akasema leo tumwachie bibi harusi kipaza sauti kidogo atushuhudie. Akamuuliza, mama, Mungu amekujalia watoto wangapi?

Spika zilikoroma. Baba akakohoa, nilimtambua kwa kikohozi.

"Watano," mama akasema.

Kanisa likapiga makofi. Mpiga video alikuwa amemsogelea wakati ule, na mkanda upo hadi leo, ukiuweka sauti inasikika safi kabisa. Huku jikoni hakuna aliyepiga kofi. Akina mama waliinama kila mmoja kwenye kazi yake, mwingine akafunua sufuria iliyokuwa imefunuliwa tayari. Nilitaka kuwaambia kwamba amekosea, amechanganyikiwa na watu wengi, amehesabu wale waliosimama mbele yake. Nikachochea moto. Pilau ilikuwa imefika mahali pa kupaliwa makaa juu, na kazi hiyo haingojei mtu, nikaifanya.

Ibada ikaisha, watu wakamwagika nje, mpiga video akawa anapanga watu kwenye ngazi. Nilisikia wanaulizana bibi harusi yuko wapi. Nikainua uso nikamwona anakuja huku nyuma peke yake, kitambaa amekitupa nyuma ya kichwa, mkia wa shela anauburuta kwenye maganda ya vitunguu. Wale akina mama wote watano wakakumbuka kwamba kuni zimepungua, wakaondoka.

Nikamwambia asisogee, atalichafua, la watu lile. Akasogea. Akaomba maji, nikampa kwa kikombe cha bati, akanywa yote akiwa amesimama. Poda ilikuwa imemtiririka kwenye mashavu. Alitazama sufuria, akatazama mikono yangu, kisha akanitazama mimi machoni, jambo ambalo hakulifanya siku ile Mikumi.

"Ulisikia mchungaji aliponiuliza?"

"Spika zilikuwa wazi, mama."

"Niliwaambia sita."

Kule mbele walikuwa wanamwita. Sauti ya baba ilikuwemo.

"Nilisikia," nikamwambia. "Ulisema sita."